KHUTBA YA IJUMAA: DENI LA MAMA ALIYEBAKI NA WATOTO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyejiharamishia dhuluma Yeye Mwenyewe, kisha akaiharamisha baina ya waja Wake. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu Waislamu, mliopo hapa msikitini na mnaotusikiliza majumbani kwa redio. Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Nalo ni madeni ya mama aliyeachana na mume aliyekuwa akizitawala fedha zake, akabaki na watoto na daftari la wadai. Khutba za deni huelekezwa kwa wafanya biashara. Khutba za talaka husimama katika eda na marejeo. Mama huyu huangukia katikati, wala hatajwi, na wadai wanabisha hodi mlangoni kwake asubuhi na jioni.

Hali yenyewe tunaijua sote. Mume huupokea mshahara wa mkewe mwisho wa mwezi, au hukaa na kadi yake ya benki na namba ya siri ya simu yake. Fedha za vitumbua huhesabiwa jioni mbele ya mume, na mke hupewa ya unga wa kesho tu. Dhahabu aliyopewa na wazazi wake huazimwa kwa siku mbili na haionekani tena. Kisha huamrishwa akakope katika kikundi cha wanawake, na mkopo ukitoka hukaa mkononi mwake saa moja. Akiuliza fedha zimekwenda wapi, hujibiwa kwamba mume ndiye msimamizi wa mke.

Hoja hiyo imechukuliwa katika Suratun Nisaa, aya ya 34. Lakini anayeitaja na aisome yote. Mwenyezi Mungu ameutaja usimamizi wa wanaume na akaitaja sababu yake, na katika sababu hizo ni kwamba wao hutoa katika mali zao. Basi mtu anayekula mali ya mkewe badala ya kumlisha ameigeuza aya kichwa chini miguu juu. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 4, mahari yamefanywa kuwa milki ya mwanamke, na mume hakuruhusiwa kugusa chochote isipokuwa kile ambacho mke amekitoa kwa kuridhika nafsi yake. Kuridhika si kunyamaza kwa hofu. Na aya ya 32 imeweka wazi kwamba wanawake wana fungu lao katika kile walichokichuma. Hata sheria ya nchi yetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 56 imempa mwanamke aliyeolewa haki ya kupata mali, kuimiliki na kuitumia kama ile aliyo nayo mwanamume. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa na biashara yake kabla Mtume (S.A.W.) hajapewa utume; hatujui ni kwa hoja gani mtu wa leo atamnyang'anya mkewe meza ya vitumbua.

Basi mama ametoka. Ametoka kwa talaka, au kwa khului, au kadhi amemfasikhi. Afanye nini na madeni?

Jambo la kwanza ni kujua kila deni ni la nani, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Wako wanaodhani kwamba kila kilichokopwa wakati wa ndoa ni chao. Wako pia wanaosema, kwa kuwa mume ndiye aliyekula, basi mimi silipi kitu. Yote mawili si sawa. Mama na achukue karatasi, aandike deni moja moja: limekopwa na nani, kwa jina la nani, nani aliyeweka saini, na fedha zimetumika wapi. Aya ndefu kupita zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Si jambo dogo hilo.

Deni alilolikopa mume kwa jina lake mwenyewe ni la mume, na mdai hana haki ya kumfuata mke wala kuchukua vyombo vyake. Deni ambalo mke alimdhamini mumewe, mdai anaweza kumdai yeyote kati yao. Lakini wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kwamba mdhamini aliyedhamini kwa idhini ya mdaiwa, akilipa, ana haki ya kurejea kwake na kudai alicholipa. Ama deni ambalo mke amekopa kwa jina lake kisha akampa mumewe, mbele ya kikundi mdaiwa ni yeye mke. Wale wanawake wenziwe waliochangishana hawana kosa, na haki yao haifutwi na dhuluma ya mume. Hata hivyo, ikiwa alimpa kwa mkopo na si kwa zawadi, basi mume naye anadaiwa na mkewe kiasi kile kile. Alete mashahidi, alete ujumbe wa simu unaoonyesha fedha zilipotumwa, na adai.

Tuchukue mfano. Mama ana watoto watatu, na meza yake inampa faida ya shilingi 10,000 kwa siku. Akifanya kazi siku 26, anapata 260,000 kwa mwezi. Chakula cha watu wanne, tuseme 5,000 kwa siku, ni 150,000. Kodi ya chumba ni 50,000. Mkaa, maji na mahitaji ya shule ni 20,000. Inabaki 40,000. Dukani anadaiwa 60,000, kwa jirani 100,000, na kikundini 480,000 zile zilizochukuliwa na mume. Jumla ni 640,000. Kwa hesabu hiyo atalipa kwa miezi 16, ikiwa hakuna mtoto atakayeugua hata siku moja. Sasa mweke baba wa watoto anayetoa 80,000 tu kila mwezi. Ile 40,000 inakuwa 120,000, na deni lote linakwisha kabla ya mwezi wa sita kumalizika. Enyi akina baba, tazameni tofauti hiyo. Miezi kumi ya fedheha ya mama huyu imo mfukoni mwenu.

Nafaqa ya watoto si hisani, wala si kitu cha kumtunzia mama hasira. Talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imemwekea baba jukumu la chakula na mavazi kwa wema, na ikakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Suratut Talaq, aya ya 7, imemtaka kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake. Basi maskini atoe kidogo, lakini atoe. Hind binti Utba (R.A.) alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akamshitakia ubahili wa mumewe Abu Sufyan, na Mtume hakumwambia asubiri. Alimruhusu achukue katika mali ya mume kinachomtosha yeye na watoto wake, kwa wema.

Kina mama, sikilizeni vizuri neno hili la fiqhi, kwa sababu limewakosesha wengi haki zao. Katika madhehebu ya Shafii, nafaqa ya mke ambayo mume hakuitoa wakati wa ndoa hubaki kuwa deni juu yake, hata ipite miaka. Lakini nafaqa ya watoto iliyopita haigeuki kuwa deni, ila kadhi awe ameihukumu au ameruhusu ikopwe kwa niaba ya baba. Maana yake ni kwamba mama anayengoja miaka mitatu akitumaini baba atajirudi, akikopa dukani kimya kimya, huenda asirudishiwe ya miaka ile. Asingoje. Zanzibar na Kenya ziko mahakama za kadhi. Kwetu Bara mama aende baraza la usuluhishi la BAKWATA, aende kwa maofisa wa ustawi wa jamii, na ikibidi mahakamani, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kuomba amri ya matunzo. Kumshitaki baba wa watoto wako kwa haki ya watoto wako si utovu wa adabu, hata shangazi wakisema nini.

Wadai nao tuna neno nao. Aya ya 280 ya Suratul Baqara imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Wanazuoni wamesema kwamba hata muflisi ambaye kadhi anaigawa mali yake kwa wadai, huachiwa mavazi yanayomfaa na chakula cha siku ile cha walio chini yake. Vipi basi mtu anachukua sufuria ya mama na jiko lake, vile vile anavyotafutia fedha za kumlipa yeye? Mama naye asijifiche. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga na deni katika sala yake, na alipoulizwa akaeleza kwamba mwenye deni huingia katika uongo na ahadi zisizotimizwa. Aende kwa mwenye duka kabla hajaitwa, amwambie kiasi anachoweza, hata ikiwa 5,000 kwa wiki, na kila malipo yaandikwe na kusainiwa.

Wala asikope kwa riba ili kulipa deni jingine. Hiyo mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, jina lake linatosha kuieleza. Zaidi ya uharamu wake, wengi wa wenye kuitoa hawana leseni ya Benki Kuu inayotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kitambulisho chako wanakiweka rehani wakijua hutakwenda kulalamika. Afadhali kuuza kitanda.

Mwisho, tunawasemesha wenye kutoa zaka. Katika mafungu manane yaliyotajwa na aya ya 60 ya Suratut Tawba limo fungu la wenye madeni, nalo ndilo linalosahauliwa. Watu hugawa shilingi elfu mbili mbili mlangoni, foleni ndefu, na jua kali. Mwaka huu jaribuni njia nyingine. Kamati ya msikiti iwatafute kina mama wa namna hii katika mtaa wake, kwa kutumia wanawake waaminifu, si kwa kutangaza. Mkimpata, mwombeni idhini, kwa kuwa bila idhini yake haifai. Kisha mwende moja kwa moja kwa mwenye duka mkalipe zile 60,000, daftari lipigwe mstari, na risiti apelekewe mama nyumbani kwake. Jina lake lisisomwe msikitini.

Wasalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.