Mafundi wa Mawe wa Tabaka
(Hotuba iliyotolewa Matungu)



Nimerudi kutoka Tabaka, katika vilima vya Kisii. Huko huchimbwa jiwe la sabuni, laini hata kisu hulikata. Wanaume huchonga bakuli na ndovu. Wanawake husugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Kazi hizo hufika Ulaya na Marekani.

Lakini fundi auzaye peke yake hana budi kupokea bei ya dalali. Wale wauzao pamoja katika ushirika wanayo sauti.

Basi, wafinyanzi na wasusi wa Matungu, ustadi mnao. Msitegemee miwa peke yake. Unganeni sasa, kabla dalali hajabisha hodi.