Somo la Redio: Nani Mwenyeji wa Mji?

Natumaini darasa limekaa, na kila mtu ana daftari lake na kalamu yake. Leo tutazungumza juu ya jambo moja: Ni nani mwenyeji wa mji, na ana haki gani?

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: MKAZI na ORODHA. Tutayarudia baadaye.

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja amehama Matema, akapanga chumba mjini Kyela. Anauza mchele sokoni na kulipa ushuru. Hana nyumba yake, wala hana ndugu mjini. Je, mji huu ni wake? Kabla ya kujibu, tumpeleke mama huyu katika miji ya zamani, tuone angepokelewa namna gani.

Kwanza twende Ulaya. Miaka mia nane iliyopita, miji mingi ya huko ilizungukwa na ukuta. Mji ulipewa hati na mfalme au na bwana wa nchi. Hati hiyo iliwaruhusu watu wa mji kuwa na soko lao, baraza lao na mahakama yao. Katika miji mingi, mtu aliyefungwa kwenye shamba la bwana wake akikimbilia mjini, akakaa mwaka mmoja na siku moja bila kudaiwa, alihesabiwa kuwa huru. Hilo lilikuwa jambo kubwa.

Lakini kuwa huru hakukuwa sawa na kuwa mwenye mji. Mwenye mji alikuwa mtu aliyerithi haki hiyo kwa baba yake, au aliyejifunza kazi kwa fundi kwa miaka mingi, au aliyelipa fedha. Aliapa mbele ya wakubwa, na jina lake likaandikwa katika kitabu cha mji. Vibarua, maskini na wanawake waliishi ndani ya ukuta ule ule, lakini katika baraza hawakuwa na sauti. Uingereza ilibadili sheria ya miji yake mwaka 1835. Hata hivyo, kura walipewa wanaume waliolipa kodi tu. Mama yetu angebaki nje ya mlango.

Msidhani mambo haya yalikuwa Ulaya peke yake. Katika miji ya pwani yetu, kama Lamu na Mombasa, watu wa koo za zamani waliitwa waungwana, nao ndio walioshika mambo ya mji. Mgeni aliweza kukaribishwa vizuri, akabaki mgeni. Mtumwa alibeba mawe ya kujengea mji, lakini hakuhesabiwa. Katika Tanganyika, sheria ilikomesha utumwa mwaka 1922.

Na huku kwetu, kaskazini ya Ziwa Nyasa? Wazee wanakumbuka habari hii. Zamani wavulana wa Kinyakyusa walipofika umri wa miaka kumi hivi, waliacha kulala kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao mahali pamoja. Walipokua na kuoa, vibanda vile vikawa kijiji. Kilichowaunganisha ni rika, si ukoo. Mtu wa kijiji alikuwa yule anayekula, kunywa na kuzungumza na wenzake. Kwa Kinyakyusa jambo hilo huitwa ukwangala. Lakini mwanamke aliingia kijijini kwa njia ya mumewe.

Ukaja utawala wa Waingereza. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa wakubwa wa serikali uwezo wa kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Mtu aliweza kufanya kazi mjini, na bado akaambiwa arudi kwao.

Sasa turudi kwa mama yetu. Leo Katiba yetu, ibara ya 17, inampa kila raia wa Tanzania haki ya kwenda na kuishi mahali popote katika nchi. Haulizwi ukoo wala rika. Mji mdogo kama Kyela umegawanywa katika vitongoji. Wenyeviti wa vitongoji huchaguliwa na wakazi, nao huingia katika baraza la mji. Raia aliyetimiza miaka 18, mwenye akili timamu, anayekaa katika kitongoji kile, anaweza kuchagua. Mpangaji ni sawa na mwenye nyumba, na mwanamke ni sawa na mwanamume. Mgeni aliyevuka mto Songwe kutoka Malawi anaweza kufuata sheria na kufanya biashara, lakini kura ni ya raia.

Basi mlango uko wazi. Lakini sikilizeni sana hapa, maana wengi hukosea. Mama yetu ana kadi ya mpiga kura, ile ya kumchagua Rais na Mbunge. Anadhani inatosha. Haitoshi! Uchaguzi wa vitongoji una orodha yake. Kwa uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024, watu waliandikishwa kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Aliyekaa nyumbani siku hizo kumi alikosa kura, hata kama alikuwa na kadi mfukoni. Uchaguzi huu hufanywa kila baada ya miaka mitano. Kukosa siku kumi ni kungoja miaka mitano.

Tena, orodha hubandikwa ukutani ili watu waikague. Hapo ndipo faida ya darasa hili inapoonekana. Asiyejua kusoma humwomba mtu mwingine amtafutie jina lake. Wewe utalitafuta mwenyewe, na likiwa limekosewa utasema.

Kumbukeni pia kwamba haki huenda pamoja na wajibu. Lipa ushuru, na dai stakabadhi. Safisha mtaro ulio mbele ya mlango wako. Nenda mkutanoni, uulize fedha za mji zimefanya kazi gani. Huo ndio ukwangala wa mji.

Sasa jadilianeni darasani:

1. Zamani mtu alipataje kuwa mwenye mji katika Ulaya?
2. Kijiji cha rika kilifanana na mji wa leo kwa jambo gani? Kilitofautiana kwa jambo gani?
3. Kwa nini kadi ya mpiga kura haikumtosha mama yetu?

Kisha kila mmoja aandike jina lake lote na jina la kitongoji chake, kwa herufi zinazosomeka.