USHURU WA SIGARA NA MZIGO WA MNYONGE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Chama, Msimbazi, Dar es Salaam)



Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya kodi. Najua neno hili halina utamu masikioni. Lakini hospitali, shule na barabara tunazozidai kila siku hulipwa kwa fedha, na fedha hizo hutoka mifukoni mwetu. Kwa hiyo sikuja kuwaambia kwamba kodi ni mbaya. Kodi ni kama dawa: kipimo kikikosewa, humdhuru yule yule aliyekusudiwa kuponywa. Mfano wangu leo ni sigara.

Kwanza niseme wazi, ili pasiwe na mtu wa kunisingizia. Tumbaku inaua. Sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18, na mwaka 2007 nchi yetu iliridhia mkataba wa dunia wa kuzuia tumbaku. Ni haki kabisa Serikali kuitoza ushuru. Swali langu ni hili: ushuru ukipandishwa, hapa mitaani kwetu hutokea nini?

Tazameni kijana wa mkokoteni anayevuta mizigo kutoka Mtaa wa Kongo mpaka Gerezani. Huyu hanunui pakiti. Hununua sigara moja kwenye meza ya karanga na peremende, akaiwasha kwa kiberiti cha mwuzaji, akaendelea na kazi. Pakiti ikipanda bei, mwenye nacho hunung'unika, kisha hulipa. Mnyonge huirudia ile meza, na bei ya moja moja, ukiijumlisha, huipita bei ya pakiti. Basi yeye aliye maskini ndiye anayelipa zaidi kwa moshi ule ule. Tena lile onyo la afya limechapwa juu ya pakiti. Anayenunua moja halioni. Na mtoto asiyeweza kupata fedha ya pakiti, fedha ya sigara moja haimshindi. Wenzetu wa Kenya walipiga marufuku uuzaji wa moja moja kwa sheria yao ya mwaka 2007, lakini biashara hiyo bado imo mabarabarani. Sheria bila mlinzi ni karatasi.

Jambo la pili ni kushuka ngazi. Kwa miaka mingi ushuru wetu umetozwa kwa kila sigara elfu moja, na viwango havikuwa sawa. Sigara isiyo na kichungi, iliyotengenezwa kwa tumbaku ya nyumbani zaidi ya asilimia 75, imetozwa kidogo kuliko nyingine. Nia ilikuwa njema, maana mkulima wa Urambo, Kaliua na Chunya naye ni ndugu yetu. Lakini mvutaji akiona bei imempita, huiacha ile ya kichungi akashika ile kali, au akaenda kwenye tumbaku ya kusokota na ugoro. Moshi haukuachwa. Na yule asiyetaka kushuka ngazi, fedha ya kuongezea huitoa wapi? Huitoa katika unga. Akina mama mliopo hapa mnajua ninachosema.

Jambo la tatu ni magendo. Bidhaa ambayo ushuru wake ni mkubwa kuliko gharama ya kuitengeneza ni tamaa iliyofungwa ndani ya boksi. Nchini Kanada, miaka ya mwanzo ya 1990, sigara zilipelekwa Marekani bila ushuru kisha zikarudishwa kwa siri, hata Serikali ikalazimika kupunguza ushuru mwezi Februari 1994. Australia imepandisha ushuru mwaka baada ya mwaka, mpaka pakiti ikapita dola 40 za kwao. Na tangu mwaka 2023 maduka mengi ya tumbaku mjini Melbourne yametiwa moto na magenge yanayogombea biashara hiyo. Mjini New York, tarehe 17 Julai 2014, Eric Garner, mtu mweusi, alikufa mikononi mwa polisi waliomshuku kuuza sigara moja moja zisizolipiwa kodi. Ndugu zangu, anayekamatwa ni mchuuzi wa barabarani. Mwenye shehena analala kwake.

Hayo si mageni kwetu. Mwaka 1900 Waingereza waliweka kodi ya nyumba Uganda, rupia tatu kwa kila nyumba. Watu wakajibana wengi katika nyumba moja ili kodi iwe moja. Mkoloni hakujiuliza kwa nini. Mwaka 1905 akaongeza kodi ya kichwa. Serikali yetu wenyewe haifai kufikiri hivyo. Na sisi wa hapa tumekwisha kuonyesha kwamba mfanyabiashara akibanwa pasipo kusikilizwa hufunga mlango: maduka ya Kariakoo yalifungwa Mei 2023, yakafungwa tena Juni 2024.

Lakini jihadharini na sauti nyingine. Kampuni za sigara hupenda kuyapigia magendo ngoma kubwa ili ushuru ushushwe. Msiwaamini upesi. Katika mambo yale yale ya Kanada, mwaka 2008 kampuni mbili kubwa zilikiri kosa la kuwasaidia watu kuuza sigara zisizo na stempu, zikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni moja. Aliyelia mwizi alikuwa ameshika ngazi. Basi kushusha ushuru ovyo si dawa. Dawa ni kuutengeneza vizuri na kuulinda.

Mshika mbili moja humponyoka. Hazina inataka fedha ya sigara, na Wizara ya Afya inataka watu waache sigara. Watu wakiacha, fedha itapungua. Fedha ikizidi kuongezeka kwa sababu watu wengi zaidi wanavuta, tusipige makofi. Ni lazima tuamue lipi lililo mbele, nami nasema ni afya.

Kwa hiyo napendekeza wanachama tudai mambo manne. Moja, viwango vya ushuru visogezwe pamoja, asiwepo mvutaji wa kukimbilia sigara kali kwa sababu ya urahisi wake. Mbili, stempu za kielektroniki zilizoanza kubandikwa juu ya sigara Januari 2019 zikaguliwe bandarini, mipakani na maghalani, kabla ya kukaguliwa kwenye meza ya mchuuzi. Tatu, nchi za Afrika Mashariki zikaribiane katika ushuru, maana tofauti ya bei baina ya pande mbili za mpaka ndiyo mshahara wa mlanguzi. Nne, sehemu ya fedha hiyo irudi kwa mvutaji mwenyewe: apate zahanati ya kumsaidia kuacha, na mkulima wa tumbaku apate zao jingine la kumlisha.

Ndugu zangu, sisi wa Msimbazi hatukatai kulipa. Tunakataa mzigo uandikwe jina la tajiri kisha ubebwe na mchukuzi. Pelekeni maneno haya katika mashina yenu, myajadili, na mlete majibu katika mkutano ujao.

Uhuru na Kazi!