Kipindi cha Dini



Injili ya leo yatuonyesha Bwana wetu akiwapokea watoto ambao wanafunzi wake waliwazuia. Nami naikumbuka shule yetu ndogo ya Matamba. Ilijengwa na Misioni, lakini nilipoanza darasa la kwanza ilikuwa mikononi mwa Serikali, kufuatana na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969.

Hata hivyo, kipindi cha dini kilibaki. Wenzetu wa Kilutheri, ambao katika Ukinga ndio wengi, walikaa darasani. Sisi Wakatoliki tulitoka nje, tukitetemeka kwa baridi ya Kitulo. Padre alifika mara chache, kwa maana barabara ya Chimala, yenye kona 57, ilimshinda wakati wa masika. Aliyekuja ni katekista, mkulima wa pareto na viazi, kwa miguu, bila mshahara. Alitufundisha Amri Kumi, tena kutowacheka Walutheri. (Hilo halikuwamo katika katekisimu yake, lakini lilitufaa sana.)

Kipindi hicho kingalimo katika ratiba za shule. Lakini katika baadhi ya vigango saa hiyo watoto wetu hucheza uwanjani, kwa kuwa hakuna aliyekuja. Je, tuilaumu Serikali? La, mlango u wazi. Katekista naye ana shamba, na watoto wake wanataka kula. Basi halmashauri ya kigango ipange zamu ya kumlimia, kabla mvua za Novemba hazijaanza.