Mwenye Ardhi Ni Nani: Rais, Bunge au Sisi?

Ndugu wananchi wa Mbinga, na ninyi ndugu zetu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay,

Kila tukutanapo tunaulizwa: ikiwa sheria yasema ardhi yote ni ya umma na imewekwa chini ya Rais, je, Bunge laweza kutunyang'anya kama mtu adaiye nguo yake ya kuazima? Swali hili si la kitoto.

Mjerumani alilijibu kwa amri. Mwaka 1895 alitangaza kuwa ardhi aliyoiona haina mwenyewe ni ya Dola yake. Mwingereza naye, mwaka 1923, akaiita ardhi ya umma, lakini kumbe mwenye kuigawa ni Gavana. Wenzetu Wameru waliionja sheria hiyo mwaka 1951, walipofukuzwa Engare Nanyuki ili walowezi wapate malisho, hata Ndugu Kirilo Japhet akaenda kuyasema hayo Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Uhuru ulipopatikana Gavana alifunga virago. Sheria yake ilibaki, na mahali pake akaandikwa Rais.

Hata hivyo Rais si mwenye mali. Ni mdhamini, yaani anatushikia. Masharti ya kushika huko yatungwa na Bunge, maana Katiba ya 1977, ibara ya 64, imelipa Bunge mamlaka ya kutunga sheria kwa mambo yote ya Tanzania Bara. (Zanzibar wanalo Baraza lao la Wawakilishi, kwa kuwa ardhi haimo katika mambo ya Muungano. Wengi hushangaa wakiambiwa hivyo.)

Je, Bunge lenyewe halina mpaka? Linao. Mwaka 1992 lilipitisha Sheria Na. 22, iliyofuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji, tena bila fidia. Lohay Akonaay na mwanawe, wakulima wa Mbulu, waliipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba hata pasipo nyumba wala mti, jasho la mtu ardhini lastahili fidia. Wamatengo mwajua maana yake. Ngolo za mlimani, mashimo yale yanayozuia udongo usiteremke, si kazi ya Mungu peke yake.

Basi Bunge likatunga sheria mpya mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, zilizoanza kazi Mei 2001. Tume ya Profesa Issa Shivji ilikuwa imependekeza mwaka 1992 kwamba mamlaka yatoke kwa Serikali, yawe ya mikutano ya vijiji na ya chombo kinachowajibika kwa Bunge. Serikali ilikataa. Tukapata nusu ya mkate: Rais akitaka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyofikia hekta 250, yaani kama ekari 618, Mkutano wa Kijiji waweza kukataa. Ikizidi hapo, kijiji chatoa maoni tu, na mwenye kukata shauri ni Waziri! Twauliza: kwa nini mdogo alindwe na mkubwa aachwe? Anayechukua nyingi ndiye wa kuogopwa.

Ninyi wa ufukweni mna shida yenu. Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hatuibezi, ziwa lahitaji kulindwa. Lakini mita 60 za Nyasa, pale milima iliposhuka hadi majini, ndiyo nyumba, ndiyo shamba la mihogo, ndiyo mahali pa kuanikia dagaa. Kwa maoni yetu, kuzuia matumizi si kufuta haki, na atakayehamishwa apewe kwanza karatasi ya fidia, si tangazo la mgambo.

Kwa hiyo tunawataka wabunge wetu wapeleke hoja Dodoma: kile kikomo cha hekta 250 kiondolewe, Mkutano wa Kijiji uwe na neno la kukataa kwa ardhi yoyote, kubwa au ndogo. Nanyi, mkutano ukiitishwa juu ya ardhi, nendeni wote, wake kwa waume, na mwandishi asomewe muhtasari wake mbele yenu kabla hamjatawanyika.