Maganda ya Kahawa

Ndugu mkulima wa Mbinga, leo twende nyuma ya mashine yako ya kumenyea kahawa. Katika kilo 10 za kahawa mbivu, kilo 4 hivi ni maganda. Hayo unayasukumia mtoni, jirani wa chini anateka maji yanayonuka, nawe unakopa fedha ukanunue mbolea! Kisa, ganda halina bei. Lakini mbona majani nayo hayana bei, na hujayatupa? Ukichimba ngoro unayafyeka, unayalaza, unayafukia, na maharage yanastawi juu yake. Basi, maganda yarundike mbali na mto, changanya na samadi, geuza mara kwa mara. Yakiwa meusi, hayanuki tena, yapeleke kwenye mikahawa.