Mto Unatudai

Maneno ya Kamati ya Fedha katika mkutano wa mwaka wa wanajumuiya waishio mijini



Kila mwaka Kamati ya Fedha hupewa dakika chache kati ya chakula na ngoma, nasi huzimaliza kwa kusoma hesabu. Mwaka huu hesabu mnazo mikononi. Tunaomba dakika zetu tuzitumie kuzungumzia deni moja ambalo halimo katika vitabu vya jumuiya.

Sisi ni watu wa Luvu. Kwenye ramani mto huu unaitwa Pangani. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapumzika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatufikia Korogwe, na hapo yanaongezewa nguvu na mto Luengera unaoteremka kutoka misitu ya mvua ya Usambara. Kisha yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza kazi 1964, na kuendelea mpaka baharini, safari ya kilomita zipatazo 500. Ndugu zetu wa Handeni wanajua thamani yake kuliko sisi tuliozaliwa ukingoni, maana bomba kubwa lililowapelekea maji kwa miaka mingi linaanzia kwenye mto huu huu.

Burton na Speke walipopita bonde hili mwaka 1857 wakielekea Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai, walikuta watu wetu wameshakaa kando ya mto. Wazee wanasimulia kwamba baadhi ya vijiji vilijengwa kwenye visiwa katikati ya maji, na daraja la magogo likiondolewa usiku ili wateka watumwa wasivuke. Mto ulikuwa boma letu kabla haujawa kitu kingine chochote.

Wengi wenu mnaukumbuka ufukwe wa kijiji chetu. Ule mchanga mweupe unaojitokeza kiangazi, mitumbwi imelazwa kifudifudi, migono ya kambale ikianikwa, na nyuma yake msitu uliofunga giza mchana kweupe. Hapo ndipo tulipojifunzia kuogelea. Hapo ndipo bibi zetu walipoosha muhogo wa bada. Na pale penye mkuyu mkubwa, mvua ilipochelewa, wazee walikwenda na unga na kaniki kufanya tambiko, sisi watoto tukiambiwa tukae mbali na tusipige kelele.

Msitu ule ulikuwa na masharti yake. Hukati mti mbichi. Huchovyi mtoni chungu chenye masizi. Hupiti na panga mkononi. Ukikosea, unatozwa kuku au mbuzi, na aibu juu yake. Hapakuwa na mgambo wala risiti, lakini msitu ulisimama. Watafiti waliokwenda Handeni miaka ya 1990 walikuta misitu ya jadi ya namna hii kwa mamia, mingi ikiwa midogo, imetunzwa na koo zenyewe.

Leo wengi wetu ni Waislamu na Wakristo, na hakuna anayemwomba mwenzake arudi kwenye tambiko. Imani ya mtu ni yake. Tunachosema ni kwamba masharti yale yalishikilia ukingo wa mto, na tulipoyaacha hatukuweka kitu mahali pake.

Basi sikilizeni kilichotokea. Miaka mitatu iliyopita malori ya mchanga yalianza kuingia ufukweni. Kwanza moja kwa wiki, baadaye matano kwa siku. Ili yapite, ilikatwa njia katikati ya msitu. Ule uzio wa miti waliousimika wazee ili kina mama wachote maji bila kuogopa mamba, uligongwa na lori ukaanguka, na haujasimamishwa tena. Mwezi wa nne mwaka huu binti mmoja aliponea chupuchupu. Aliacha ndoo na kanga yake majini, akatoka mbio. Alhamdulillahi, tunasimulia tukiwa hatuna msiba.

Tulipokutana kulijadili jambo hili, kila mmoja alikuwa tayari kulaumu. Serikali ya kijiji ilaumiwe, wenye malori walaumiwe, vijana wanaopakia walaumiwe. Kisha mmoja wetu kwenye kamati akauliza: nyumba tulizojenga Korogwe mjini, mchanga wake ulitoka wapi? Tukanyamaza. Sisi wahasibu tunatunza risiti. Tulizitafuta, na tukaona kwamba wajumbe watatu wa kamati hii hii tulinunua mchanga kwa malori hayo. Bei ilikuwa nzuri, na hatukuuliza lori limetoka wapi. Ndiyo maana tunasema mto unatudai.

Deni hili linalipika, na sheria iko upande wetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake chenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji umeshakubali. Kilichobaki ni gharama: kupima mipaka na kuweka alama, kuandaa mpango wa usimamizi na sheria ndogo, nauli za kufuatilia wilayani, na kusimika upya uzio wa kuchotea maji. Wazee wamekubali masharti ya zamani yaandikwe ndani ya sheria ndogo, kwa maneno ya Kizigua na ya Kiswahili, ili mtoto wa leo ajue katazo na sababu yake.

Kabla hatujapitisha daftari, tuwakumbushe ndugu zetu wa Chogo, kule Handeni. Babu zao walichukuliwa karne ya 19 wakapelekwa Somalia, wakaishi katika misitu ya ukingo wa mto Juba. Vita vya 1991 vilipowatawanya, baadhi yao walikimbilia hapa Tanzania, nasi tukawasikia wakizungumza Kizigua. Vizazi na vizazi, mbali na Luvu, hawakuiacha lugha. Sisi tuko mwendo wa siku moja kwa basi, na watoto wetu hawajui jina la mto wao.

Sasa fedha. Katika kila shilingi 10 zilizoahidiwa mwaka jana ukumbini hapa, zilizoingia benki ni 6. Hatutasoma majina, wenyewe mnajijua, na baadhi yetu tumekaa meza kuu. Ahadi ni deni. Mwaka huu tunaomba aliyeahidi alipe kwanza la zamani, kisha aahidi anachokiweza, hata kama ni shilingi 10,000. Haba na haba hujaza kibaba. Wale wajumbe watatu walionunua mchanga wameshalipa leo asubuhi, kabla ya chai, na risiti zao ni za kwanza katika kitabu kipya.

Na ombi la mwisho halina gharama. Likizo ya Desemba, nendeni na watoto nyumbani. Wapelekeni ufukweni mchana, wakae mbali kidogo na maji, waonyesheni mkuyu. Waambieni pale hapapigwi kelele.

Daftari linapita.